Kuku Aliyetaka Kuwa wa Kienyeji

Siku hizo walaji wa porini walikuwa wamekinai nyama laini. Kila aliyefika kwa Nyani, muuza kuku, alitaka wa kienyeji tu.

Bandani walibaki wawili. Kuku wa Kisasa, mweupe na mnene, aliwaonea wivu wa kienyeji waliochukuliwa. Mwenzake, Mtetea wa Kienyeji, alijilaza chini akihema kama mgonjwa, na wanunuzi wakampita.

"Dada, mbona mimi hawanitaki?"

"Umepoa mno, mdogo wangu," Mtetea akamjibu. "Jigaragaze vumbini weupe huo upotee. Mnunuzi akija, chakura, piga kelele, na akikushika mdonoe."

Asubuhi akaja Mbweha. Akampulizia manyoya Kuku wa Kisasa, akampapasa kidari, akadonolewa mpaka damu ikamtoka.

"Huyu ndiye kienyeji hasa!" akasema, akamning'iniza miguu juu.

"Dada, umeona? Nimechaguliwa!"

"Hongera, mdogo wangu," akasema Mtetea bila kuinuka.

Mchana akaja Fisi, amejishika shavu. "Nyani, kienyeji wako wamenimaliza meno. Leo nipe mlegevu. Yule aliyelala pale atanifaa."

Kabla Nyani hajanyoosha mkono, yule mgonjwa alikwisha simama, anachakura na kupiga kelele banda zima. Fisi akaenda zake.

Tangu hapo, mnunuzi yeyote akibisha hodi, Mtetea ndiye humkaribisha wa kwanza:

"Karibu, bwana. Siku hizi mnapenda kuku wa namna gani?"