Mia Kamili

Mke wa dereva alimwaga chupa kwa mara ya tatu, akairudisha chini ya faneli. Mvua ikaanza kuijaza upya kabla hajanyoosha mgongo.

Chupa ya kipimamvua huishia milimita mia. Chupa tatu, na saa nne asubuhi haijafika. Mvua ya mwezi mzima, iliyozoea kuja kidogo kidogo, siku hizi huteremka yote kwa mkupuo.

Alikimbilia ndani, akapiga simu ofisi ya barabara.

"Fungeni daraja jipya. Huku juu imefika mia tatu, na maji yote yanawajia."

"Mia tatu?" Mhandisi alicheka. "Dada, hiyo ni mvua au bomba limepasuka?"

"Kaka, sina utani. Basi la mume wangu linakaribia hapo, limejaa watu, na simu yake haipatikani."

"Pole, shemeji. Lakini nikifunga daraja kwa neno la mke wa dereva, watanicheka mpaka nistaafu." Alisikika akifunua karatasi. "Rekodi za kituo chenu cha mvua ninazo, miaka sita. Mvua kubwa kuliko zote ni mia. Haijavuka hata siku moja. Ndiyo tuliyojengea daraja."

"Rekodi zina makosa."

"Thubutu! Mpimaji wenu hajakosa siku, Jumapili wala sikukuu. Mwandiko umenyooka kama uzi. Mtu makini huyo."

Bati lilinguruma juu yake. Bondeni mto ulikuwa umeanza kusaga mawe.

"Tazama miaka miwili ya mwisho," alisema. "Mia ziko ngapi?"

Karatasi zilifunuliwa tena. Kisha mhandisi akahesabu polepole. "Kumi... kumi na moja... kumi na mbili. Zote mia kamili."

"Sasa kaka, mvua gani hiyo inayojua kusimama kwenye mia kamili, mara kumi na mbili?"

Mzaha ulitoka katika sauti ya mhandisi.

"Niitie huyo bwana mpimaji. Aseme kwa kinywa chake kwamba alikuwa akikuta chupa imefurika, akaandika ilipoishia. Akikiri, nafunga sasa hivi. Na ajue kazi hana."

Mwanamke alitazama nje; chupa ilikuwa inajaa tena.

"Funga, kaka," alisema. "Unaongea naye."