Mkono wa Shemeji

Asubuhi ulikuwa mkono wa kulia. Jua lilipopanda, Kimbaumbau alikuwa ameukumbatia wa kushoto.

Nyapara aliona yote mawili akiwa kwenye kivuli cha rundo la mbao. Mwongo hakatizwi, huachwa amalize.

"Shemeji, leo siwezi," alisema Kimbaumbau. "Mkono unawaka moto. Nataka daktari."

"Kwani jana ulibeba nini, mlima?"

"Si magogo, mimi na wenzangu?"

"Na wenzako wako wapi? Wanabeba! Mkono wa mtu wa kazi ukiuma, ujue umefanya kazi. Unaukanda, unalala, asubuhi unarudi."

Wapasua mbao waliangua kicheko. Mmoja alipaza sauti juu ya mngurumo wa msumeno: "Mwonee huruma, Nyapara! Yule akibeba ubao, hujui kipi kimebeba kipi!"

Nyapara hakucheka. Asubuhi hiyo hiyo alimkuta mkewe langoni mwa kiwanda akinong'ona na huyu mdogo wake. Walipomwona walinyamaza, mke akajitia kurekebisha mtandio ambao haukuwa na kosa lolote. Tangu alipomwajiri shemeji yake, kwa shingo upande, alijua siku itafika dada mtu atamtafutia mdogo wake kazi laini: kukaa langoni, kufungulia malori. Basi siku yenyewe ndiyo hii.

"Haya, twende," alisema. "Sheria yangu unaijua."

Nani asiyeijua? Pale kiwandani hakuna aliyekwenda zahanati peke yake. Nyapara alifuatana na mgonjwa, akaingia naye mpaka chumbani, akasikiliza kila neno. Mwenye ugonjwa alipewa mapumziko. Aliyebainika anajisingizia alifukuzwa papo hapo, asirudi hata kuchukua kandambili zake. Wengi walipona ghafla wakiwa bado njiani.

"Naijua," alisema Kimbaumbau. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Ukishikwa, dada yako hata alie machozi ya damu, kazi huna."

"Sawa, shemeji. Twende tu."

Zahanati ilikuwa juu ya kilima nyuma ya kiwanda. Kimbaumbau alitangulia kwa mwendo wa madaha, mkono ameutupa ubavuni kana kwamba amesahau kuwa unamuuma, akigeuka kila mara kutazama nyuma. Anaangalia kama namfuata, aliwaza Nyapara. Anatafuta upenyo wa kunitoroka.

Mwenyewe alisimama kufuta jasho, akausugua mkono wake. Nao ulikuwa ukimvuta tangu walipopakua yale magogo makubwa, lakini je, alimlilia nani? Mkewe tu ndiye aliyejua, kwa kuwa ndiye aliyeukanda, na alikuwa amemwapisha afunge mdomo. Huo ndio uanaume. Si huu wa Kimbaumbau.

"Tupumzike kidogo, shemeji?"

"Pumzika wewe unayeumwa!"

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Kimbaumbau alivua shati, akapanda kitandani. Nyapara aliketi karibu na mlango, masikio wima.

Daktari alibonyeza bega, akakunja kiwiko, akazungusha kiganja. "Unauma hapa?"

"Hapana."

"Na hapa? Hebu unyanyue. Nisukume."

"Hauumi."

Nyapara alitabasamu. Njia ya mwongo fupi.

"Msuli uliochoshwa na kazi huuma ukiguswa, au ukitumiwa," alisema daktari. "Huu haulalamiki kabisa. Sasa unakuuma lini?"

Kimbaumbau alitazama dari kama mwanafunzi anayetafuta beti alizokaririshwa. "Nikipanda kilima. Nikisimama, unapoa. Unaanzia hapa kifuani, kama nimekaliwa na gunia la unga, unashuka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho. Juzi ulipanda hadi tayani. Jasho linanitoka, tena la baridi. Nasema ni kiungulia tu, nakunywa maji, nalala nimeegemea ukuta."

Daktari aliacha kuandika.

Nyapara alihisi damu ikimchemka. Gunia la unga! Neno hilo alilisema yeye, chumbani kwake, kwa mkewe peke yake. Kidole cha mwisho, taya, ukuta: yote yalikuwa yake, hakuna lililobadilishwa. Kumbe ndiyo waliyokuwa wakinong'onezana langoni! Mke wa ndoa ameichukua siri ya kitandani, akampa mdogo wake aende kumdanganyia daktari!

Aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka.

"Mwongo!" Alilazimika kushika fremu ya mlango ili amalizie. "Dokta, usimpe hata siku moja ya mapumziko! Huyu buheri wa afya! Amekaririshwa tu! Hayo maumivu ni yangu mimi, yangu, kuanzia kifua mpaka kidole! Muulize dada yake!"

Daktari alikuwa ameshasimama, lakini hakuwa akimtazama aliyelala kitandani.

Kimbaumbau aliteremka, akalivuta shati lake, akaunyoosha mkono wake mzima na kumshika Nyapara kiwiko, polepole, kama anayemwongoza mkubwa wake gizani.

"Ni kweli, nimedanganya," alisema. "Nifukuze kesho, shemeji. Leo panda kitandani."