Hodi ya Tatu

Tangu sheria ya kuzuia sauti bandia ipite, hakuna simu, redio wala spika ya getini inayopitisha sauti isiyotambulika. Mtambo unaozichuja sauti hizo aliusimika Nakiete Mbwambo. Alianza kama mtangazaji wa redio, akahamia usalama wa mitandao, na sasa ni mkurugenzi. Onyo la mtambo, linalosikika simuni tu, bado linasomwa kwa sauti yake.

Jumapili alipika makande akamsubiri mama yake, aliyetoka hospitali baada ya kiharusi kilichomwachia ulimi mzito. Geti lilikaa kimya hadi chakula kikapoa. Ndipo kaka yake akapiga simu.

"Mama amerudi kwangu. Anasema amepiga hodi tatu hapo kwako, hukuitika, akaondoka."

"Si angegonga tu?"

"Nakiete, unamjua mama. Hodi zikizidi tatu, kwake ni utovu wa adabu."

"Mpe simu, kaka."

Alisikia kiti kikivutwa, kisha pumzi ya mtu anayejikusanya kusema. Halafu ikaja sauti nyororo, isiyo na haraka, aliyoirekodi mwenyewe enzi za utangazaji.

"Sauti bandia imezuiwa. Uko salama."