Mama Hajaridhika na Simu

Safari hii kasoro ilikuwa muziki.

"Mama anasema," binti wa mapokezi aliiambia meza, maana machoni mwa mtu hakuwahi kutazama, "muziki wa kusubiri ni wa msibani. Mteja anafuata mashuka yake, hafuati maiti."

Muuzaji wa mitambo ya simu akafunga begi lake la maonyesho. Wiki iliyopita mama huyo huyo aliikataa rangi. Kabla ya hapo alilalamika kwamba yule mwanamke anayesema "tafadhali subiri" ana majivuno. Na siku ya kwanza kabisa alitaka kujua kama simu ikimwagikiwa sabuni itatoa povu.

Mama mwenyewe, muuzaji hakuwahi kumwona. Mwenye kiwanda hiki cha kufulia nguo, mama mzazi wa binti huyu, alikaa nyuma ya mlango wa kijivu mwisho wa ukumbi, akitoa hukumu kama malkia asiyependa wageni.

"Niingie nimweleze mwenyewe?"

"Usithubutu!" Kalamu ilimponyoka binti. "Leo kaamka vibaya. Atakupiga pasi na nguo zako mwilini."

Simu ya mezani ikalia. Binti akasikiliza, akasema, "Subiri kidogo, kaka, nakuhamishia chumba cha pasi," akabonyeza kitufe, na nyuma ya ukuta simu nyingine ikaitika. Muuzaji hakuona la ajabu. Alikuwa anatazama jinsi binti alivyoushika mkono wa simu, taratibu, kama mtu aliyeshika kifaranga. Chai ilikwisha wekwa mbele yake, sukari kama anavyopenda, ingawa hakukumbuka kuulizwa.

Mtaalamu huyo. Ana cheti cha mitambo ya simu, chenye mhuri.

Ofisini kwao walimwita Bado. Kila bosi alipouliza "Umeuza?" jibu lilikuwa hilo hilo.

"Bado?" bosi alisema jioni ile, na haikujulikana anaita au anauliza. "Wateja wote umewaacha, umemng'ang'ania dobi mmoja kama kupe. Ijumaa niletee mkataba uliosainiwa, la sivyo niletee begi la kampuni, kisha uende kwenu ukapumzike. Na begi lipanguse vumbi kwanza."

Ijumaa akafika na muziki mpya, wa kuchangamka hata mwenye jino bovu angetikisa kichwa. Binti aliusikiliza hadi mwisho, akaomba aurudie, huku akiitabasamia meza.

"Mama anasema..."

"Hujaenda hata kumuuliza!"

Binti akaanza kuzipanga upya kalamu zake. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. "Namjua mama yangu. Atasema huu sasa ni wa harusi mno."

"Dada yangu, mimi leo nafukuzwa kazi."

Kwa mara ya kwanza binti akainua macho. Muuzaji angependa kuyatazama zaidi, lakini miguu ilikwisha shika njia ya mlango wa kijivu.

"Kaka, tafadhali, usi..."

Akausukuma.

Ndani hakukuwa na malkia. Palikuwa na mama mnene, miwani juu ya paji la uso, akishona kifungo cha shati la mteja. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi nywele, akachomeka sindano kwenye kitambaa, uso ukamfunguka.

"Hatimaye!"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa habari ya mtambo wa simu. Leo niambie mwenyewe, kwa kinywa chako, una kasoro gani."

"Marahaba, mwanangu. Kasoro?" Mama akageukia meza yake. Pale, katikati ya rili za uzi, ilikaa simu ya aina ile ile iliyokuwa begini mwa muuzaji, vitufe vimechakaa kwa kubonyezwa. "Huu tunao tangu mwaka juzi, haujanisumbua hata siku moja. Keti, baba, usiogope. Binti yangu ameshanieleza yote: kuna kijana anakuja kuposa, ila kila akifika mapokezi haya zinamshika, anaanza habari za simu."

Nje, mapokezini, simu ililia, ikalia tena, na hapakuwa na wa kuipokea.