Mguu wa Kushoto

Kabla ya Meza ya Bwana, waumini wa kanisa lile huoshana miguu, wanawake kwa wanawake. Mzee wa kanisa alimwelekeza Nakijwa kwa Eliaika, aliyebatizwa majuzi. Pombe ya gongo aliyoipika Eliaika ndiyo iliyomuua Elinaja, mwana pekee wa Nakijwa.

Nakijwa alipiga magoti kwa sababu aliambiwa. Aliuosha mguu wa kulia, akaukausha kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Alipoushika wa kushoto, mikono ikagoma.

“Mama Elinaja, acha tu,” Eliaika alinong'ona huku akilia. “Mungu ameona.”

“Usilitaje jina hilo. Wala usinisemee kwa Mungu.”

Wenzao walikuwa wameshakumbatiana, wakamwaga maji, wakarudi kwenye viti vyao. Wimbo ukaanza. Nakijwa akainamia beseni.

“Bwana,” alisema, “nimeweza mmoja tu.”

Mkate ulipoanza kupitishwa, alikuwa bado amepiga magoti, na mguu wa kushoto wa Eliaika, wenye vumbi la njiani, ulikuwa ungali mikononi mwake. Hakuuosha. Hakuuachia.