Mikanda ya Tandiko

Mnunuzi alifika Newala asubuhi akitokea Masasi. Alikuwa mmoja wa wale waliotajirika kwa korosho tangu biashara ilipoachiwa huria, na alitaka farasi wa kupanda Jumapili, kwa starehe tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye huyu."

Veridiana alimshikia hatamu. Marehemu mumewe alimnunua farasi huyo kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na kwa miaka saba alimpanda kila jioni hadi ukingoni mwa mlima, watu wakimcheka.

Mnunuzi akapanda. Miguu yake haikuvifikia vikuku vya kukanyagia; ikabaki ikining'inia.

"Nifupishie mikanda, mama."

Veridiana akainama. Mumewe alikuwa mrefu. Pale bizimu ilipokaa miaka yote, ngozi ilikuwa imebonyea, imekuwa nyeusi kwa jasho la mguu wake. Vidole vya Veridiana vikasita.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna, baba."

Akaifungua bizimu, akaipandisha tundu moja.

"Bado."

Akapandisha la pili.

"Bado kidogo, mama."

Veridiana akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa farasi, akalia bila sauti, huku mkono wake ukipapasa tundu la tatu.