Chatu wa Ghalani

Kibali kilikuwa na mihuri miwili na maelezo mafupi: chatu mmoja, amekamatwa Kasanga ziwani, anapelekwa Ulaya kufugwa majumbani. Cornelia, karani wa geti la mazao la Msanzi, alikisoma mara mbili. Tangu biashara iwe huria, karatasi zilikuwa nyingi kuliko ukweli.

"Fungua hilo sanduku," alisema, akionyesha nyuma ya gari.

"Mama, sheria tumeifuata," mfanyabiashara alijibu, akautafuta ufunguo polepole mno.

Chatu alikuwa amejikunja, ametulia. Katikati ya magamba ya mgongoni palikuwa na vumbi jekundu. Cornelia aliligusa, akalinusa. Unga wa ulezi.

Asubuhi ile chatu alikuwa ameingia ghalani kwake, naye akamnyunyizia unga kama bibi yake alivyomfundisha. Chatu ni mwenye nchi, mzimu unaoilinda ardhi. Hapigwi, husalimiwa, kisha huachwa aende zake. Hakumwambia mtu isipokuwa mumewe.

Na mumewe alikuwa amekaa kiti cha mbele cha gari lile, eti kapewa lifti ya Sumbawanga.

"Baba Scola," alimwita taratibu, "nionyeshe mikono."

Aliichimbia mifukoni. Wekundu wa ulezi ulikuwa umelipanda koti lake la kanisani hadi kwenye viwiko.